Picha ya Kifua, na Daktari Aliyeijua Mipaka Yake

Mtu akaaye Buxton, kisiwani Mombasa, akishikwa na kikohozi kisichokwisha, hana safari ndefu ya kumfikisha kwa waganga. Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali, na zahanati za serikali na za watu binafsi ziko katika kila upande wa mji. Walakini jambo la kwanza alitakalo mgonjwa, aghalabu, si dawa bali ni picha. Husema, "Nataka kupigwa picha ya kifua," na akisha kupigwa hurudi nyumbani ameikumbatia bahasha kubwa, moyo umetulia, kana kwamba picha ile ni nusu ya matibabu. Lakini picha si tiba. Picha ni shahidi, na kila mzee aliyepata kukaa barazani kusikiliza mashauri anajua kwamba shahidi aweza kusema kweli na bado asiseme yote.

Tumeona vema basi kuwaeleza wasomaji wetu, wa mjini na wa mashamba, picha hiyo ni kitu gani, inaonyesha nini na haionyeshi nini. Na kwa kuwa mambo ya kitaalamu hueleweka upesi zaidi yakifuatwa katika maisha ya mtu mmoja, tutamfuata Daktari Karel Styblo, mtu wa Ulaya ya kati, ambaye kazi yake iliyomletea sifa kubwa kabisa aliifanya kwa jirani zetu wa Tanzania, na matunda yake yamefika mpaka katika zahanati za Mombasa.

Kwanza picha yenyewe. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, profesa mmoja aitwaye Wilhelm Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyoondolewa hewa, akaona ubao uliopakwa dawa ukimeta ingawa chupa ile ilikuwa imefunikwa kabisa. Akatambua kwamba kuna mwali usioonekana kwa macho, upitao katika vitu ambavyo nuru ya kawaida haipiti. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana wazi. Kwa kuwa hakujua mwali ule ni wa namna gani, aliupa jina la herufi ya X, ambayo watu wa hesabu huitumia kwa jambo lisilojulikana, na ndiyo sababu sisi nasi twasema eksirei. Mwaka wa 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya maumbile, naye alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuipata.

Ukitaka kuelewa jinsi picha ipatikanavyo, fikiri juu ya taa na ukuta. Ukiweka mkono mbele ya taa, kivuli cheusi huanguka ukutani. Ukiweka chandarua, kivuli huwa hafifu, maana nuru yapenya katikati ya nyuzi. Eksirei hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe huona mwili wa mtu kama sisi tuonavyo chandarua. Mifupa huuzuia mwali kwa nguvu, nayo hutokea nyeupe katika filamu. Moyo na damu huuzuia kiasi. Mapafu, kwa kuwa yamejaa hewa, hayauzuii sana. Mwali huyapita na kuiunguza filamu hata ikawa nyeusi. Kwa hiyo katika picha ya kifua cha mtu mzima asiye na ugonjwa mapafu ni viwanja viwili vyeusi, mbavu zikiyapita kama fito za ukuta wa udongo, na moyo umekaa katikati ukielekea kushoto. Mahali penye ugonjwa hewa huwa imeondoka, pakaingia usaha, maji, au nyama iliyovimba, na hapo pana wingu jeupe pasipostahili kuwa na wingu.

Daktari mzoefu huanza kutazama juu, chini ya mifupa ya mtulinga, kwa sababu kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa huko. Akiona wingu, na ndani ya wingu akaona tundu, hushtuka, maana tundu ni mahali ambapo pafu limeliwa, na vidudu hutoka humo kwa wingi mgonjwa akohoapo. Mpaka hapo picha ni mwalimu mzuri.

Lakini wingu halina jina lililoandikwa juu yake. Kichomi huleta wingu. Saratani ya mapafu huleta wingu. Watu wa machimbo, waliovuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, huwa na madoa katika picha. Na zaidi ya hayo kuna kovu: mtu aliyeugua kifua kikuu miaka ishirini iliyopita akapona, kovu lake litaonekana siku zote, na mara nyingi hakuna awezaye kusema kwa kutazama picha moja tu kama ni kovu la ugonjwa uliokufa au ni ugonjwa ulio hai. Katika miaka ya 1940 huko Marekani bingwa wa takwimu aitwaye Jacob Yerushalmy, pamoja na madaktari kadha, walifanya jaribio lililowafedhehesha wataalamu. Picha zile zile zilipewa madaktari mbalimbali wazisome, kisha baada ya muda zikarudishwa kwa madaktari wale wale wazisome tena. Ilionekana kwamba hawakupatana wao kwa wao katika sehemu kubwa ya picha zenye shaka, na, jambo lililowashangaza zaidi, daktari mmoja hakupatana na nafsi yake alipozitazama mara ya pili.

Hata hivyo, kabla ya mambo hayo kujulikana sana, picha ilikuwa imekwisha kupata heshima kubwa. Mwaka wa 1936 daktari wa Brazili, Manoel de Abreu, ambaye maisha yake yote yalikuwa ni mapafu na picha zake, alivumbua njia ya kupiga picha ndogo kwa gharama ndogo: mwali ulikiangaza kioo kilichopakwa dawa, na kamera ya kawaida ikakipiga picha kioo kile. Kwa njia hiyo watu mia kadha waliweza kupigwa picha kwa siku moja. Mitambo ikapakiwa katika magari na kupelekwa mitaani na viwandani. Katika mji wa Glasgow, huko Scotland, mwaka wa 1957, watu zaidi ya 700,000 walipigwa picha kwa muda wa majuma matano tu. Ilidhaniwa kwamba nchi ikiweza kumpiga picha kila mtu, kifua kikuu kitakuwa hakina pa kujificha.

Hapo ndipo aingiapo Styblo.

Alizaliwa mwaka wa 1921 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Wajerumani walipoitawala nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, kijana huyu alikamatwa, akapelekwa katika kambi ya wafungwa ya Mauthausen, katika nchi ya Austria, mahali ambapo watu walikufa kwa maelfu kwa njaa, kazi ngumu na kuuawa. Humo akashikwa na kifua kikuu. Alitoka akiwa hai, na ugonjwa uliotaka kumwua ukawa ndio kazi yake. Akasoma udaktari Prague, akaingia katika utafiti wa kifua kikuu.

Mapema katika miaka ya 1960, yeye na wenzake walipewa wilaya moja, Kolín, iliyo mashariki ya Prague, yenye watu kama 100,000, waichunguze kuliko wilaya yo yote iliyopata kuchunguzwa. Shirika la Afya Duniani lilisaidia. Wakawapiga picha karibu watu wazima wote wa wilaya, na baada ya miaka michache wakawapiga tena, na tena. Kama kuna mahali ambapo picha ilipewa nafasi ya kuonyesha uwezo wake wote, ni Kolín.

Hesabu zilipotoka, na kuchapishwa mwaka wa 1967, zilisema jambo ambalo wenye mitambo hawakupenda kulisikia. Wagonjwa walio hatari kwa wengine, yaani wale ambao makohozi yao yana vidudu vingi hata vikaonekana kwa darubini, wengi wao hawakupatikana kwa picha. Ugonjwa wao uliwaka upesi, kwa miezi michache tu, katika muda ulio kati ya safari moja ya mitambo na safari ya pili. Mtu alipigwa picha leo akaonekana mzima. Mwaka uliofuata akaanza kukohoa, akakonda, akaenda mwenyewe kwa daktari wake wa karibu. Picha zilipata zaidi wale wenye ugonjwa wa pole pole, wenye vidudu vichache. Basi wavu ule mkubwa, wenye gharama kubwa, ulikuwa ukivua dagaa, na papa wanapita pembeni na kujileta pwani wenyewe.

Yafaa msomaji afikiri kidogo juu ya neno hilo. Huyu alikuwa daktari wa nchi yenye mitambo, amefanya kazi kwa mitambo, na angaliweza kuziandika hesabu zake kwa njia ya kuisifu mitambo. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1974 kamati ya mabingwa wa Shirika la Afya Duniani ilishauri kwamba desturi ya kuwapiga picha watu wote ovyo iachwe, na kazi ya Kolín ilikuwa miongoni mwa sababu.

Baada ya hapo Styblo alihamia Uholanzi, akafanya kazi The Hague, na baadaye akawa mkuu wa mambo ya utafiti katika Muungano wa Kimataifa wa kupigana na kifua kikuu, wenye makao yake Paris. Huko alifanya hesabu iliyopata sifa: mgonjwa mmoja mwenye vidudu katika makohozi, asipotibiwa, huwaambukiza watu kama 10 hadi 14 kwa mwaka. Siyo kwamba wote hao wataugua. Wengi wa wale wanaovuta vidudu mwili wao huvifunga visiamke maisha yote. Lakini kila mmoja hubeba deni ambalo laweza kudaiwa siku ya udhaifu. Katika nyumba ya Kiswahili ya Majengo, yenye vyumba vitatu huku na vitatu huku na ukumbi katikati, kila chumba na jamaa yake, si kazi kuwahesabu watu kumi.

Mwaka wa 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Daktari Leader Stirling, mtu aliyefanya kazi ya udaktari katika hospitali za misheni za kusini kwa miaka mingi na kuijua nchi kwa miguu. Muungano ukaombwa msaada, na Styblo akaja. Alikuja tena na tena kwa miaka iliyofuata.

Aliyoyakuta ndiyo ambayo wengi wetu tunayajua kwa hadithi za wazee. Dawa zilikuwako: sindano za streptomaisini, vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni. Lakini dawa hizo zilihitaji kutumiwa kwa mwaka mzima au zaidi, na mgonjwa hujiona mzima baada ya miezi miwili. Akiisha kujiona mzima ana shamba la kulima, ana watoto, na zahanati iko mwendo wa siku nzima. Wagonjwa waliofika mwisho wa dawa zao na kupona walikuwa kama nusu tu. Nusu ya pili walipotea. Wengine walikufa, wengine walirudi wakikohoa vidudu vilivyokwisha kuzoea dawa. Mitambo ya eksirei ilikuwa katika hospitali kubwa, filamu ziliagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na umeme haukuaminika.

Styblo hakuanza kwa kudai mitambo. Alitaka darubini, na darubini iliyokuwa ikihitajika si ya ajabu. Robert Koch aliwatangaza vidudu vya kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na njia ya kuvipaka rangi iligunduliwa karibu wakati huo huo: makohozi hupakwa katika kigae cha kioo, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, kisha huoshwa kwa asidi, vitu vingine vyote hupoteza rangi ile, ila vidudu vya kifua kikuu, vyenye ngozi ya mafuta, huishika. Mtumishi wa maabara aliyefundishwa vema huviona kama vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu. Picha humwambia daktari kwamba huenda ni kifua kikuu. Vijiti vile havisemi huenda, na zaidi ya hayo vinamwonyesha ni mgonjwa yupi anayewaambukiza jirani.

Kitu cha pili alichokitaka kilikuwa daftari, na hapa msomaji asicheke. Katika kila wilaya aliwekwa mratibu mmoja wa kifua kikuu na ukoma, mwenye chombo cha kusafiria, na katika daftari lake kila mgonjwa aliandikwa jina, makao, matokeo ya darubini na dawa alizopewa. Wagonjwa walioandikwa katika miezi mitatu walihesabiwa kuwa kundi moja, na muda wa dawa ulipokwisha mratibu alipaswa kusema juu ya kila mmoja wao: amepona na darubini imethibitisha, amemaliza dawa, amekufa, dawa hazikumfaa, ametoroka, au amehamia wilaya nyingine. Hakukuwa na mlango wa kutokea. Hospitali iliyozoea kusema, "Tumewatibu wagonjwa mia," sasa iliulizwa, "Katika hao mia, wako wapi?" Mwandishi wa maneno haya amezisoma taarifa nyingi za idara mbalimbali katika kazi yake, na angependa swali hilo liulizwe katika mambo mengine pia, lakini hilo si jambo la leo.

Kitu cha tatu kilikuwa dawa bora, na katika hili Afrika Mashariki ina haki ya kujisifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoongozwa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambamo Wallace Fox na Denis Mitchison walikuwa vinara. Majaribio hayo, yaliyoanza kutangazwa mwaka wa 1972, yalionyesha kwamba dawa mpya iitwayo rifampisini, ikitumiwa pamoja na isoniazidi na streptomaisini, yaweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita, na wachache sana huugua tena. Elimu hiyo, inayotumika leo duniani kote, ilipatikana katika vifua vya watu wa nchi hizi.

Rifampisini ilikuwa ghali. Wengi walisema kwamba nchi maskini haiwezi. Styblo alijibu kwamba nchi maskini ndiyo isiyoweza kuwatibu watu mara mbili. Kuanzia mwaka wa 1982 Tanzania ikaanza kutumia mpango wa miezi minane kwa wagonjwa wenye vidudu katika makohozi: miezi miwili ya kwanza dawa zenye nguvu, mgonjwa akizimeza mbele ya mwuguzi, na mara nyingi akilazwa hospitalini, kisha miezi sita ya vidonge nyumbani. Waliopona wakapanda hata kukaribia themanini katika mia. Kwa nchi yenye barabara kama za Tanzania za wakati ule, na taabu ya fedha ya wakati ule, jambo hilo lilikuwa halijapata kuonekana.

Watu wa uchumi wakaja na kalamu zao. Mmoja wao, Christopher Murray, alifanya hesabu pamoja na Styblo, na Benki ya Dunia katika taarifa yake ya mwaka wa 1993 ikatangaza kwamba kutibu kifua kikuu kwa njia hiyo ni katika kazi za afya zenye faida kubwa kuliko zote kwa fedha inayotumika. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema kwamba kifua kikuu ni hatari ya dharura kwa dunia nzima, na muda mfupi baadaye likaitwaa njia ya Tanzania, likaipa jina la DOTS na kuihubiri kila mahali. Waliolichagua jina hilo walipendezwa kwamba herufi zake zikiandikwa ndogo na karatasi ikageuzwa juu chini, husomeka neno la Kiingereza lenye maana ya "simamisha". Malawi, Msumbiji, Benin na Nikaragua zilikuwa zimekwisha kuifuata njia hiyo. Kenya iliifuata katika miaka ya 1990, na daftari analoandikwa mgonjwa wa Mombasa ni mjukuu wa daftari la Tanzania.

Ingefaa kusema kwamba kazi ikaishia hapo, lakini haikuishia. Ukimwi ulikuja. Vidudu vilivyolala katika vifua vya watu kwa miaka mingi viliamka kwa mamilioni, kwa sababu walinzi wa mwili walikuwa wameuawa. Tanzania iliyokuwa ikiandika wagonjwa kama 12,000 kwa mwaka mapema katika miaka ya 1980 iliandika zaidi ya 60,000 mapema katika miaka ya 2000. Thiasetazoni, kidonge rahisi kilichotegemewa na wote, kilionekana kuwachubua ngozi vibaya sana wagonjwa wenye virusi vya ukimwi, wengine hata kufa. Uchunguzi uliofanywa Nairobi na kutangazwa mwaka wa 1991 ulithibitisha hayo, na dawa hiyo ikaachwa. Na darubini nayo ikapungukiwa: mgonjwa wa ukimwi aweza kuwa na kifua kikuu kikali na makohozi yake yasiwe na vidudu vya kutosha kuonekana. Hata picha yake yaweza kuonekana safi, maana wingu na tundu hufanywa na mwili unaopigana, na mwili ule umekwisha kuweka silaha chini.

Styblo alifariki mwezi wa Machi, mwaka wa 1998, akiwa ameyaona hayo yote. Muungano aliofanya kazi nao hutoa tuzo yenye jina lake. Mkenya, Daktari Jeremiah Chakaya, bingwa wa mapafu aliyepata kuuongoza mpango wa taifa wa kifua kikuu, aliwahi kuwa rais wa Muungano huo huo.

Na picha je? Imerudi, na namna ilivyorudi ingalimvutia Styblo. Katika mwaka wa 2015 na 2016 Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa kifua kikuu. Watu 63,050, wa umri wa miaka 15 na zaidi, walichunguzwa katika vijiji na mitaa. Kila mmoja aliulizwa dalili zake, akapigwa picha ya kifua, na aliyeshukiwa alitoa makohozi. Ilionekana kwamba katika kila watu wazima 100,000 kuna wagonjwa 558, hesabu kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Tena sehemu kubwa ya wagonjwa hao hawakuwa na kikohozi cha majuma mawili, dalili ambayo watumishi wa afya walifundishwa kuingoja. Walikuwa sokoni, bandarini, katika matatu, wakiendelea na shughuli zao. Kama wangeliulizwa maswali tu wangalipita. Picha ndiyo iliyowanasa. Baada ya hapo watumishi wa afya wakaambiwa wasihesabu tena majuma: kikohozi cho chote, hata cha siku mbili, ni sababu ya kuuliza.

Je, hayo yanabatilisha maneno ya Kolín? Kwa maoni yetu hayabatilishi. Kolín ilikuwa nchi ambayo ugonjwa unapungua na kila mtu ana daktari wa karibu wa kumwendea akikohoa. Hapa ugonjwa ni mwingi, na kati ya kukohoa na kwenda kwa daktari kuna nauli, kuna siku ya kazi itakayopotea, na kuna aibu. Tena siku hizi picha haihitaji filamu wala chumba chenye giza. Huonekana papo hapo katika kioo cha kompyuta, na mtambo wake waweza kubebwa begani. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kompyuta zaweza kusoma picha za kifua cha watu wa miaka 15 na zaidi mahali pasipo na daktari. Kompyuta haichoki, na ukiipa picha ile ile mara mbili hutoa jibu lile lile. Lakini nayo husema "huenda" tu. Hukumu hutolewa na makohozi, ambayo sasa, tangu mwaka wa 2010, huweza kupimwa kwa mtambo uitwao GeneXpert, unaotafuta asili ya kidudu yenyewe na kusema, kwa muda wa saa mbili hivi, kama kipo na kama rifampisini itakiweza. Huko Morogoro wako panya wakubwa, buku, waliofundishwa kuyanusa makohozi na kuonyesha yenye ugonjwa. Hilo nalo si mzaha, ni kazi ya kila siku tangu mwaka wa 2007, na hupata wagonjwa ambao darubini imewakosa.

Yafuatayo yamfae mwenye kikohozi. Kupimwa makohozi na kutibiwa kifua kikuu katika zahanati za serikali ni bure, nchini Kenya na Tanzania vilevile. Usianze kwa kuuza mbuzi ili ulipe picha ya hospitali binafsi. Anza kwa makohozi, na picha itafuata daktari akiona haja. Makohozi yatolewe kifuani kwa nguvu, siyo mate ya kinywani, na ya alfajiri ndiyo bora. Dawa ni za miezi sita kwa watu wengi, nne kwa miezi miwili ya kwanza na mbili kwa miezi minne inayobaki. Baada ya majuma machache ya dawa inayofaa hatari ya kuwaambukiza wengine hupungua sana. Ugonjwa huu haurithiwi, haurogwi, wala hauenei kwa sahani na vikombe, na mke asitengewe bakuli lake kwa ajili hiyo. Huenea kwa hewa. Nyumba za mawe za Mji wa Kale, zenye vyumba vya ndani visivyoonana na jua, na vyumba vya kupanga vyenye dirisha moja linalozibwa kwa sanduku, ndizo za kuangaliwa: dirisha na lifunguliwe mchana, upepo wa bahari upite, kwani jua huua vidudu hivi na upepo huvitawanya.

Mwali wa picha moja ya kifua ni mdogo sana, kama ule ambao mtu huupata kwa siku chache tu kutoka ardhini na angani. Mwanamke mwenye mimba na aseme kabla ya kupigwa, ili akingwe tumbo. Na baada ya kupigwa, mtu aliyepewa picha yake na aitunze mahali pakavu, asiifanye kizibo cha dirisha, kwa maana daktari atakayemtazama miaka mitano baadaye ataiuliza: akiziweka mbili pamoja, ya zamani na ya sasa, doa ambalo halikubadilika hata kidogo kwa miaka mitano huenda ni kovu tu, na doa lililokua ni habari nyingine.